Mkia wa sungura ukichafuka

Watoto wa mjini wakipewa sungura, swali lao la kwanza huwa ni jina gani wampe. La pili huwa ni lini wamwogeshe. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwani nimeona sungura wadogo wakifa baada ya kutolewa kwenye beseni la maji ya sabuni, mikononi mwa watu waliowapenda kwa dhati.

Mpendwa msomaji, sungura haogeshwi. Hujilamba mwenyewe kama paka, kuanzia masikio hadi vidole vya miguu, na sungura mzima wa afya ni nadhifu kuliko baadhi ya wageni tunaowakaribisha sebuleni. Basi ukiona manyoya ya chini ya mkia wa sungura mchanga yamelowa, au yameshikana kwa mavi, usimlaumu kuwa ni mchafu. Tumbo lake ndilo lenye taabu. Ni kweli lazima asafishwe, tena siku hiyo hiyo, lakini ukimsafisha nyuma kisha ukaendelea kumlisha kama ulivyomlisha jana, utakuwa unateka maji kwa pakacha.

Huku kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Naishi upande wa Kericho, karibu na mpaka wa Bomet, mahali ambapo ukisimama mlangoni huoni ila majani chai yakipanda na kushuka vilima. Wageni hupasifu sana. Wasichokijua ni kwamba chai hustawi hapa kwa sababu mvua hainyimi watu karibu mwaka mzima. Asubuhi jua huwaka vizuri, saa nane mawingu hushuka kutoka msitu wa Mau, saa tisa mvua inapiga mabati, na mara nyingine ni mvua ya mawe. Nyasi hazikauki. Sare za shule tunazianika juu ya jiko. Sasa huyu sungura wa kufugwa asili yake ni nchi kavu za Hispania na Ureno, wala si ndugu wa karibu wa yule sungura mjanja wa hadithi zetu, ambaye wataalamu humweka katika jamii nyingine. Mwili wake haukuumbwa kwa unyevu. Ukimlowesha jioni ya Kericho, usishangae asubuhi ukimkuta amekauka kama kuni.

Haya niliyafahamu tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, katika chama cha 4K. Wazazi watakumbuka maana yake: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vyama hivyo vilififia baadaye, vikazinduliwa upya mwaka 2021, na nilifurahi, maana mtoto aliyewahi kufagia kizimba cha sungura kila asubuhi kabla ya gwaride hujifunza mambo yasiyoandikwa ubaoni.

Agosti ya mwaka juzi, dada yangu alinitumia watoto wake wawili kutoka Umoja, Nairobi, waje wamalize likizo kwangu. Mvulana alikuwa na miaka 11 na msichana 8. Walipoteremka kwenye matatu walikuwa wamebeba katoni iliyotobolewa matundu. Njiani, siku ya soko, mjomba wao alikuwa amewanunulia sungura wawili, mmoja mweupe na mwingine wa kijivu. Muuzaji aliapa kwamba wana miezi miwili. Ndani ya katoni mlikuwa na jani la kabichi, nusu mandazi, na hao viumbe wawili wametulia kwenye kona, kila mmoja si mkubwa kuliko ngumi yangu. Mweupe alikwisha itwa Barafu, na wa kijivu Moshi.

Nilitazama, nikanyamaza. Wale hawakuwa wa miezi miwili. Sidhani hata kama walikuwa wametimiza wiki 5. Mtoto wa sungura huanza kuonja nyasi anapokuwa na wiki 3 hivi, lakini tumbo lake bado hutegemea maziwa ya mama, na mfugaji mwenye huruma humwacha hapo hadi wiki 6, au 8 akiweza. Ukimtoa mapema, ukamtia katonini, ukamsafirisha kwa saa kadhaa, kisha ukampa kabichi na mandazi, umemwita shetani kwa jina.

Siku ya tatu asubuhi nilisikia msichana akilia jikoni. Moshi alikuwa amejikunyata, manyoya yote ya nyuma yamegandamana hadi kwenye mapaja, na harufu yake ilikuwa imejaa chumba. Kabla sijamaliza kumtazama, washauri walikwisha fika, maana huku kwetu mtoto akilia jirani haulizi, huja. Mama mmoja, mtu wa heshima zake, akasema tuchemshe maji, tutie sabuni ya kufulia, tumtumbukize mzima mzima. Kijana wa nyumba ya pili akaleta kidonge cha rangi mbili, kile cha antibayotiki wanachopewa watu wenye kifua, akasema tukifungue unga wake tuukoroge kwenye maji ya kunywa.

Niliwashukuru wote wawili, nikakataa yote mawili. Ya sabuni nimekwisha yaeleza, na ongeza kwamba sungura atalamba sabuni itakayobaki. Hilo la kidonge ni baya zaidi. Chakula cha sungura huchachushwa na vijidudu vyema vinavyoishi katika mfuko mkubwa wa utumbo wake. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini na ampisilini zikiwamo, zikipitia kinywani huviua vijidudu hivyo, vile vibaya vinatamalaki, na sungura huharisha hadi afe. Dawa inayomponya mtoto wako yaweza kumzika sungura wake. Tafadhali usijaribu.

Kabla ya kugusa kitambaa, tazama kwanza ni mavi ya namna gani, maana sungura hutoa ya aina mbili, na watu wengi hawana habari. Yale ya kawaida ni vidonge vya mviringo, vikavu, kama mbegu. Haya ya pili ni laini, yanang'aa, yameshikana kama kishada kidogo cha zabibu, na hutoka zaidi usiku au alfajiri. Hayo sungura huinama akayala moja kwa moja kutoka nyuma yake. Najua msomaji anakunja uso, lakini hicho ni chakula chake halali. Hupitisha chakula mara mbili ili apate vitamini na protini zilizotengenezwa tumboni, kama vile ng'ombe anavyocheua, tofauti ni mlango tu. Mtoto akimwona sungura akifanya hivyo asimfukuze.

Basi ukikuta hayo laini yamebandikana nyuma, na bado anatoa vile vidonge vikavu, anarukaruka na kula, huyo haharishi. Amelishwa vitu vitamu au vya unga kupita kiasi, akashiba, akayaacha mavi yake ya usiku bila kuyala, kisha akayakalia. Sungura mnene asiyeweza kujifikia nyuma, au mwenye maumivu ya mgongo au meno, hupatwa na hali hiyo hiyo. Hapo una nafasi ya kupumua. Lakini ukikuta maji maji matupu bila kidonge hata kimoja, sungura amejikunja, masikio ni baridi na anasaga meno, hiyo ni hatari, na kwa sungura mchanga hesabu ni ya saa, si ya siku. Moshi alikuwa katika hali hii ya pili. Barafu, alasiri ile ile, alianza kulowa.

Nilimwita mvulana, nikamwambia atazame vizuri kwa sababu jioni angefanya mwenyewe. Tulichukua beseni dogo, taulo mbili kuukuu, vipande vya kitambaa laini na maji ya vuguvugu, yale ambayo ukitia kiwiko huhisi moto wala baridi. Nikakaa kwenye kigoda, taulo mapajani. Sungura hukaa juu ya taulo kichwa chake kikiwa kimefichwa kwapani mwako, mkono mmoja umeshika kifua na mwingine unategemeza makalio na miguu ya nyuma. Hili la miguu si mapambo. Sungura akipiga teke angani bila kushikwa, nguvu za miguu yake zaweza kuvunja uti wake wa mgongo mwenyewe. Wala usimlaze chali kama mtoto anayebadilishwa nepi. Atatulia tuli, nawe utadhani amefurahia, kumbe ameganda kwa hofu.

Kitambaa chenye maji unakibana juu ya tope lililokauka na kungoja. Usivute. Ngozi ya sungura ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na nimewahi kuona mtu akinyofoa mavi yakatoka na ngozi. Subiri dakika moja, mbili, tope likilainika lisukume kwa vidole taratibu kuelekea ncha za manyoya, badilisha kitambaa, rudia. Likiwa ni bonge kavu dogo tu, huhitaji hata maji. Nyunyiza wanga laini wa mahindi, ule wa kufanya mchuzi uwe mzito, lisugue kati ya vidole livunjike, kisha chana kwa kitana. Poda ya watoto wachanga weka kando, vumbi lake huingia mapafuni. Mkasi nao mwachie mtu mzima mwenye macho mazuri na mkono usiotetemeka. Hali ikiwa mbaya kabisa, kama ya Moshi, kalisha nyuma yake tu kwenye maji yenye kina cha vidole viwili, huku umemshika kifua, kwa dakika chache. Tumbo na mgongo visiguse maji.

Kumsafisha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumkausha, na kwa hali ya hewa ya huku ningesema ndiyo kazi yenyewe. Taulo ya kwanza hunyonya maji, ya pili humalizia. Kisha tulikaa karibu na jiko la makaa, si juu yake, na dirisha tumelifungua kiasi kwa sababu hewa ya makaa huua watu sembuse sungura. Manyoya ya juu hukauka upesi yakakudanganya. Yatenganishe kwa vidole, weka shavu lako pale kwenye manyoya ya ndani. Ukihisi ubaridi, bado. Mvulana aliweka shavu lake bila kuambiwa mara ya pili, yeye ambaye mama yake huniambia kwamba soksi zake husimama zenyewe kwa uchafu.

Wakati uko hapo, tafuta mayai ya nzi. Ni meupe, madogo kuliko punje ya mchele, yamebandikwa kwa mafungu penye manyoya yaliyolowa. Huku kwenye baridi watu hudhani hakuna nzi, lakini jua la asubuhi likitoka, na zizi la ng'ombe liko hatua ishirini, wapo tele. Mayai hayo huweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na funza wakaanza kumla sungura akiwa hai. Ukiona funza hata mmoja, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sisi nasi tulikwenda. Nilifunga kinyesi kidogo katika karatasi ya nailoni, tukapanda matatu hadi mjini Kericho. Daktari alitazama kwenye hadubini yake, akamwita mvulana naye achungulie. Vilikuwa viduara vidogo, vingi. Akatuambia ni koksidia, vimelea vinavyoshambulia utumbo, na kwamba sungura wachanga ndio huumia zaidi, hasa wakiachishwa kunyonya kabla ya wakati na kuwekwa palipolowa. Aliwapima kwenye mizani, hakuna aliyefika nusu kilo, akatupa dawa ya jamii ya salfa na kipimo chake kwa uzito ule, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya kuwadondoshea kinywani kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Kisha akatueleza jambo ambalo ningependa kila mfugaji alijue. Mayai ya vimelea hivyo yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji unyevu, hewa na siku kama mbili hivi ndipo yakomae. Kwa hiyo ukiondoa kinyesi kila siku, sakafuni na kwenye manyoya ya sungura, unamkata adui mguu kabla hajasimama. Dawa nyingi za kuulia viini hazimdhuru. Maji yanayochemka na ukavu ndivyo vinavyommaliza. Kitambaa kile cha kumpangusia basi si cha kusuuza na kuanika tu, kichemshe. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni, hapo ndipo mahali pa sabuni.

Moshi alikufa usiku wa pili. Tulimkuta alfajiri amelala ubavu juu ya taulo yake, nyuma yake ikiwa safi kabisa. Msichana alimgeukia kaka yake akamwambia, "Ni wewe! Ni mandazi yako!" Mvulana hakujibu. Alitoka nje akasimama kwenye ukungu, karibu na mstari wa kwanza wa chai, na alipokawia nilimfuata.

"Anti, ni mimi?"

Sikutaka kumwambia uongo, mtoto wa miaka 11 huujua uongo wa wakubwa. Nilimwambia kwamba mandazi hayakumsaidia Moshi, lakini wale vimelea alikuja nao kutoka alikozaliwa, na aliyemtoa kwa mama yake mapema alikuwa mtu mzima aliyetaka pesa.

"Na Barafu? Atakufa pia?"

"Sijui, mwanangu. Dawa anapata. Tutamsafisha asubuhi na jioni, tutaona."

Tulimzika Moshi kando ya ua. Kuanzia hapo mvulana hakuniachia Barafu. Saa kumi na mbili asubuhi nilimsikia akipuliza makaa. Alimpangusa, akamkausha, akapima kwa shavu, akahesabu vidonge vilivyotoka usiku na kuviandika nyuma ya daftari la hesabu. Siku ya kwanza sifuri. Ya pili sifuri. Ya tatu alikuja mbio chumbani kwangu na kidonge kimoja kiganjani, kikavu, cha mviringo, akanionyesha kama mtu aliyeokota lulu.

Dawa ilifanya kazi yake, lakini nyasi kavu ndizo zilizomrudisha. Sungura wa umri wowote sehemu kubwa ya chakula chake inafaa iwe nyasi, na mchanga mwenye tumbo bovu asipewe kitu kingine ila nyasi kavu na maji safi mpaka atoe vidonge vizuri. Huku kwetu nyasi za kijani hazikosi, kavu ndizo taabu. Nilinunua robota moja katika duka la dawa za mifugo, za aina ya Boma Rhodes, ambazo hutoka sehemu zenye jua zaidi za Bonde la Ufa, tukaliweka darini juu ya jiko lisivute unyevu. Nyasi zenye ukungu ni sumu. Majani mabichi tuliyaongeza baadaye, kidogo kidogo, yaliyonyaushwa nusu siku kwanza: marando ya viazi vitamu, kishonanguo, nyasi za kando ya njia mahali pasipopuliziwa dawa ya magugu. Kabichi, mkate, ugali na pumba hapana. Karoti ambayo kila kitabu cha picha humpa sungura ni utamu tu, kama peremende kwa mtoto. Sakafu ya kizimba tuliifanya ya wavu wa waya wenye matundu madogo ili mavi yaanguke chini, na kona moja tukaweka ubao mkavu wa kulalia nyayo zisichubuke.

Nimeulizwa pia kuhusu vitoto ambavyo mama yao amekufa kabla hata ya kufumbua macho. Hao hawajui kujisaidia wenyewe, ni mama anayewalamba nyuma ili watoke mkojo na choo. Kwa hiyo kila baada ya kuwapa maziwa, chukua pamba yenye maji ya vuguvugu uwapapase taratibu chini ya mkia hadi watoe, kisha uwakaushe. Ni kazi ya wiki mbili hivi. Usipofanya watavimba na kufa ingawa wameshiba.

Barafu alipofika wiki 8 au 9 alikuwa akijilamba mwenyewe hadi chini ya mkia. Likizo ilipokwisha sikudhani angepanda matatu, lakini dada yangu alikubali akae kwenye baraza la nyumba yao ya ghorofa ya tatu, kwa sharti kwamba asisikie harufu. Mvulana humgeuza na kumkagua kila siku kabla ya kwenda shule, dakika moja tu. Mwezi uliopita alinipigia simu kunieleza kwamba nyasi za Nairobi ni ghali, na Barafu huzila kwa madaharo. Anataka nimwekee gunia kwenye basi la Ijumaa. Nyuma yake nilimsikia dada yangu akiuliza nauli ya gunia italipwa na nani.